Buluu ya Chungu cha Mama

Harufu ya mkojo wa mifugo uliokaa, ile inayopanda puani na kuchoma macho, watu huikimbia. Mimi husimama. Nyinyi wa rika langu mnaijua vizuri. Mlilala nayo chumba kimoja, mbuzi upande ule na nyinyi upande huu, na leo mmejenga, mmesahau. Kwangu hiyo ni harufu ya siku mama yangu alipofukuzwa. Ikinifikia hata sasa, na uzee huu, mikono yangu hutafuta mtu wa kumkaba shingo.

Msimu huu wa mvua ilinikuta nyuma ya nyumba yangu hapa Busia, nikifagia zizi la mbuzi. Mjukuu wangu Nekesa alikuwa likizo. Anasoma kemia Tororo, na mtihani unamkaribia. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, miguu nje, akitamka maneno kama mtu anayeita mashetani yake.

"Tetraamini kopa. Heksaakwa kroma. Heksasiano fereti."

"Nekesa, unamtukana nani?"

"Simtukani mtu, Kukhu." Ndivyo wajukuu wa huku wanavyotuita sisi bibi zao. "Ni majina. Kuna madini kama shaba na chuma ambayo hayapendi kukaa peke yake. Yanazungukwa na vitu vingine, halafu lile kundi zima linapewa jina moja. Natakiwa kujua namna ya kulipanga."

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini maswali sikuyaacha huko. Nikaegemea fagio. "Linapangwaje?"

"Unaanza na wanaozunguka. Unasema wako wangapi, kisha unawataja kwa alfabeti. Yule wa katikati, mwenye kundi, unamtaja mwisho."

"Mwenye nyumba anatajwa mwisho?"

"Ndiyo. Na kundi zima likiwa hasi, hata jina lake linabadilishwa. Shaba haiitwi kopa tena, inaitwa kyupreti. Chuma kinaitwa fereti."

"Kwa hiyo akizungukwa na wabaya, jina lake mwenyewe linaharibika."

Nekesa akacheka. "Mwalimu hasemi hivyo, Kukhu, lakini nitakumbuka. Halafu mwishoni kabisa unaweka namba ya Kirumi. Hiyo inaonyesha yule wa katikati amenyang'anywa kiasi gani."

Hapo nikampenda mtu aliyebuni hiyo kanuni, sijui alikuwa nani. Jina linalobeba hesabu ya alichonyang'anywa mwenyewe! Binadamu hatuna jina la namna hiyo, nasi tungelihitaji kuliko shaba.

"Hata hiyo harufu unayofagia tunayo kwenye somo," akaendelea. "Ni amonia. Ukitumbukiza shaba kwenye mkojo uliochacha, ukaiacha siku kadhaa, ule mkojo unageuka buluu. Buluu kali, Kukhu, utadhani wino."

Fagio likanitoka mkononi.

"Rudia," nikamwambia. "Rudia polepole, na usinidanganye."

Sasa niwarudishe nyuma, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mwanamke mzima aliketi juu ya samadi akilia kwa hasira.

Nilizaliwa Masaba, kwa Wasamia. Baba yangu alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni Nabwire, ambaye sisi watoto tulimwita Mama Mkubwa. Wa pili ni mama yangu, Akiteng, Mteso aliyeletwa kutoka Merikit. Alikuja na Kiteso chake, na Kiswahili cha kuokotea sokoni, na desturi aliyofundishwa na bibi yake: vibuyu vya maziwa husuuzwa kwa mkojo wa ng'ombe uliokaa, kisha hufukizwa kwa moshi wa kuni. Basi nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Asubuhi ng'ombe akiinua mkia, mama alikuwa pale na kata yake, anakinga, na chungu kikijaa hakukifunua tena mpaka mkojo uchache.

Mama Mkubwa alimcheka mpaka ikawa wimbo wake wa kila siku. "Mwanamke wa mkojo! Huko kwenu hakuna maji? Mto Malaba umekauka?"

Mama alikuwa akijibu kwa Kiswahili chake kilichovunjika, bila kugeuka. "Maji iko. Maziwa yako nachacha asubuhi, yangu nafika jioni. Ulize mzee ile anakunywa."

Na mzee alikunywa ya mama. Hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Baba angeweza kulala nyumba yoyote, lakini kibuyu alichoomba ni cha nyumba ndogo. Mimi niliona fahari. Sikujua kuwa mtu anaweza kumfukuza mwenzake kwa sababu ya maziwa.

Mama Mkubwa alikuwa na bangili ya shaba, waya mnene uliozungushwa mara nyingi toka kwenye kifundo cha mkono kwenda juu. Aliachiwa na mama yake. Ilikuwa imepauka na kuingia weusi, lakini hakuivua hata akilima. Siku moja akatoka nyumbani kwake mkono mtupu, anapiga kelele kwamba ameibiwa. Tulitafuta kwenye majani, kwenye majivu, kwenye makapi ya mtama. Siku zikapita. Mwanawe mdogo akashikwa na tumbo, akawa anajikunja usiku na mchana. Majirani wakaanza kuja kukaa na kunong'ona, mnajua kunong'ona kwa watu wetu, ambako hata kuku wanasikia.

Ndipo asubuhi moja Mama Mkubwa akasema mbele ya watu, "Nyumba moja hatujaangalia." Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba ya mama. Moja kwa moja, kumbukeni hapo. Akatoa jani la mgomba, akarudi nyuma akiwa ameshika mdomo.

Mimi nilipenya kati ya miguu ya watu wazima nikachungulia. Ndani ya chungu kulikuwa na buluu. Sijawahi kuona buluu kama ile kabla ya hapo, nzito, inang'aa pembeni pale jua lilipoigusa. Ni kama chupa ya wino ya mwalimu wetu, ila chungu kizima. Na mimi wiki hiyo nilikuwa nimemlilia mama anitafutie wino, kwa kuwa tulianza kuandika kwa kalamu za kuchovya. Moyo wangu ukaruka. Nikajua mama amenitengenezea wino. Amekaa na ng'ombe asubuhi zote hizo kwa ajili yangu! Nilikuwa bado natabasamu waliposema ni uchawi.

Walichovya kijiti, wakaitoa bangili. Mzee mmoja akasema hiyo ni damu ya mtoto imegeuzwa rangi. Mwingine akasema Wateso wa Merikit wanajulikana. Hakuna aliyejulikana kwa lolote, lakini mtu akishasema "wanajulikana," wengine wote hutikisa kichwa kama walikuwepo.

"Sijui hii," mama alisema. "Mimi sijui hii rangi. Iko ng'ombe tu. Ng'ombe yenu."

Baba alikuwa chini ya ukingo wa paa akichonga mpini wa jembe. Mpini wa zamani haukuwa umevunjika. Alichonga, akachonga, mpaka mama alipokwisha kufunga nguo zake kwenye shuka, na hakuinua uso. Watoto ni wa baba, kwa hiyo mimi nilibaki. Mama alinishika kidevu akaniambia jambo moja tu, "Chunga vibuyu." Akaondoka kwa njia ya kuelekea Tororo, mgongo umenyooka. Kabla hajafika kwenye mpaka wa shamba letu, Mama Mkubwa alikuwa ameshavivunja vyote.

Shule ikaishia hapo. "Mtoto wa mchawi atakaa vipi na watoto wa watu?" Mama Mkubwa aliuliza, akanipa mtungi. Nikawa wa kuteka maji na kubeba yule mwanawe, ambaye tumbo lake lilipona baada ya kutapika minyoo. Hakuna aliyerudi kusema, aah, kumbe ilikuwa minyoo.

Niwaambie sasa nilivyoelewa mimi mtoto. Niliamini. Watu wazima wote walikuwa wamesema, na ile buluu niliiona kwa macho yangu. Basi mama yangu ni mchawi, na mimi nimemtoka tumboni, kwa hiyo nguvu zitanifikia nami, kama matiti yanavyofika, kwa wakati wake. Sikuogopa. Nilifurahi! Nilikaa nikizingoja. Kila nilipotwishwa mtungi nilimtazama Mama Mkubwa katikati ya mgongo bila kupepesa, nikisema moyoni, anguka. Alikuwa na kuku mweupe ambaye nilimkazia macho asubuhi nzima. Mchana mwewe akamchukua. Nililala usingizi mzuri sana siku hiyo.

Na bangili? Bangili aliivaa tena. Haikupita muda mrefu, akaisugua kwa mchanga akairudisha mkononi. Iling'aa, haikuwa na weusi hata chembe, kama imetoka kwa fundi siku hiyo. Mimi niliona huo ni ujinga wake. Kitu kilichologwa, unakivaaje? Nikajua kitamla polepole. Nikawa nachunguza ule mkono kila akisonga ugali, nikitafuta mahali pa kwanza pa kuoza. Niliungoja ule mkono uoze mpaka nikaolewa.

Habari ya kifo cha mama ililetwa na mtu wa kuuza vyungu, tukiwa tunakula. Alizikwa kwao Merikit, kama binti ambaye hajawahi kuolewa. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Na kuna jambo lililonichoma kuliko kaburi. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Mwanamke mkubwa kuliko wote wa boma ndiye anayelitamka, anamtia mtoto tone la maji mdomoni na kumwita. Ndugu zangu walizaa, wana wao wakazaa. Majina ya wafu wa lile boma yaliitwa yote, hata la shangazi mmoja aliyekuwa mlevi na mwizi wa mihogo. La Akiteng halikuitwa. Aliyekuwa na kinywa cha kuyaita alikuwa Nabwire.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani siku Nekesa alipotamka lile neno buluu.

Tulifanya. Nilimwambia kama ni kweli, nionyeshe. Alikata waya wa umeme wa zamani, akauchuna, akauzungusha kama bangili na kuutumbukiza kwenye chupa ya jemu yenye mkojo wa zizini uliochacha. Akafunika kwa kitambaa. "Kidogo hewa iingie, Kukhu, bila hewa haifanyi kazi." Jani la mgomba nalo linapitisha hewa. Niliiweka kwenye dirisha la jikoni na kila asubuhi niliiangalia kabla hata ya kusali, Mungu anisamehe.

Kwanza ikawa kama maji ya mchicha. Kisha ikaanza kukolea. Kisha siku moja jua likapita ndani yake, nami nikashika ukuta.

"Jina lake," nikasema.

"Tetraamini kopa, mbili."

"Mbona mbili?"

"Shaba imenyang'anywa mbili. Na zile tetraamini ni amonia nne zilizoizunguka. Shaba hiyo hiyo ikizungukwa na maji peke yake inakuwa buluu hafifu tu. Wanaoizunguka ndio wanaofanya rangi iwe hivi."

Nilikaa chini. Mama naye alinyang'anywa mbili, nyumba yake na mimi. Na waliomzunguka ndio waliomtia rangi.

"Vaa viatu," nikamwambia Nekesa. "Masaba leo wanampa mtoto jina."

Nabwire yu hai, mnajua watu wa namna hiyo hawafi upesi. Ni kikongwe, macho yamekufa yote mawili. Analishwa na mjukuu wake Wandera, ambaye mkewe alikuwa amejifungua msichana. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa uani. Katekista alikuwa ameshasali na kupewa chai. Mtoto alikuwa analia. Alikuwa amelia hivyo siku zote tangu azaliwe, na kila jina walilomwita alilikataa kwa kelele, maana kwetu mtoto hunyamaza akiitwa jina analolitaka.

Walinipisha kiti. Sikukaa. Nilikwenda mpaka kwenye mkeka wa Nabwire, nikachuchumaa, nikafungua ile chupa chini ya pua yake.

Akarudisha kichwa nyuma. "Nani huyu? Hii ni mkojo."

"Ni mimi, mtoto wa mwanamke wa mkojo. Unakumbuka harufu?"

"Nakumbuka." Uso wake haukusogea.

"Ni ya rangi gani?"

"Mimi sioni, mwanangu."

"Nekesa, mwambie."

Nekesa aliiinua juu, watu wote wakaona. "Buluu," alisema. "Ni mkojo wa mbuzi na waya wa stima. Niliutengeneza mimi. Inaitwa tetraamini kopa mbili. Tunaifanya shuleni, hata wavulana wajinga wanaiweza." Watu wengine wakacheka, kisha wakaona mimi sicheki, wakaacha.

"Sema hilo jina," nikamwambia Nabwire.

"Hiyo ni Kizungu. Mdomo wangu hauna meno."

"Kusema 'mchawi' meno yalikuwepo?"

Wandera akaja mbio. "Shangazi, tafadhali, leo ni siku ya mtoto. Mambo ya zamani tuyaache, huyu mzee ataumwa bure."

"Kaa chini, Wandera. Sijamgusa." Kisha nikamshika Nabwire mkono wa kulia. Bangili ilikuwa pale. Mkono ulikuwa umekonda kama kijiti cha mwiko, lakini haukuwa umeoza popote, na shaba ilikuwa imerudia weusi wake. "Hii ndiyo iliyotolewa chunguni. Walisema imelogwa, imemla mwanao tumbo. Uliivaaje tena? Mtu anayeamini uchawi hata kuigusa haigusi. Ulijua haina kitu. Na ulijuaje, kama hukuiweka mwenyewe?"

Mtoto alikuwa analia. Nabwire alitafuna hewa, akatafuna, na nilipodhani amejifanya amelala, akasema.

"Niliiweka mimi. Nilitaka aitwe mwizi, mzee aache kunywa maziwa yake. Mwizi tu. Ile rangi hata mimi iliniogopesha, nilikaribia kukimbia. Halafu wao wakaanza kusema uchawi." Akapumua. "Nikaacha waseme."

Basi. Miaka yangu yote, na ilikuwa maneno machache namna hiyo.

"Samahani, mwanangu," akasema, akinyoosha mkono hewani kunitafuta.

Sikuushika. "Samahani yako kaa nayo. Sina mahali pa kuiweka nyumbani kwangu. Nataka jina."

"Jina gani?"

"Unalijua. Wewe ndiye mkubwa wa hapa. Chukua maji."

Wandera akaruka tena. "Hapana! Kwanza la Kiteso, halafu mtoto wangu apewe jina la mtu wa mambo kama hayo? Mke wangu atakataa."

Mkewe hata hakuinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Mambo gani, si amesema sasa hivi aliweka mwenyewe? Mimi jina lolote, Wandera. Nipe nilale."

Nekesa akaleta maji kwenye kikombe. Nilikishika kidole cha Nabwire nikakichovya mwenyewe. Akakipeleka kwenye mdomo wa mtoto, na mdomo wake mwenyewe ukafunguka na kufunga bila kitu, kama samaki wa kwenye kapu.

"Sauti," nikasema. "Wa nyuma hawasikii."

"Akiteng," akasema.

"Hawajasikia."

"Akiteng!"

Najua mnachongoja. Mnataka niseme mtoto alinyamaza. Hakunyamaza. Alilia mpaka jua likaelekea kuzama, na katekista akaaga, na sisi tukapanda boda tukarudi. Sikuwa nimekwenda kumnyamazisha mtoto wa mtu.

Tangu hapo nakwenda Masaba mara kwa mara. Wandera anadhani nimemsamehe bibi yake, ananikaribisha kwa heshima, hata sukari anaongeza. Nakaa kwenye kigoda karibu na mkeka wa Nabwire, sisemi naye. Sina haja. Nyumba nzima inasema kwa niaba yangu tangu alfajiri: Akiteng ameamka, Akiteng analia, nani amembeba Akiteng, mleteni Akiteng kwa Kukhu ampakate. Wanamweka mapajani mwa Nabwire, na hawezi kukataa, kwa kuwa ni damu yake. Mtoto anamshika ile bangili, anaivuta.

Juzi nikiwa pale, mama yake alichungulia mlangoni akiwa na kitambaa mkononi. "Kukhu Nabwire, angalia nguo yako! Akiteng amekojoa tena!"

Nabwire aligeuza uso ukutani. Mimi nilikunywa chai yangu polepole, mpaka ikaisha.